Vidonge Chini ya Ulimi

"Hutambuliki. Jaribu tena."

Sauti ya mashine ilikuwa ya mwanamke mpole, aliyekula akashiba, asiye na haraka na mtu. Mkasi alirudi hatua moja nyuma, akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio, akasogea tena mbele ya kioo kilichobandikwa ukutani, langoni mwa kiwanda cha nguo. Kwenye kioo zilijitokeza picha mbili. Upande mmoja ilikuwa sura aliyopigwa picha siku alipoajiriwa: nyembamba, kidevu kimechongoka kama chaki mpya ya kukatia. Upande wa pili ilikuwa sura yake ya asubuhi hiyo: mviringo, imejaa, mashavu yamepanda hadi yameyafinya macho.

"Hutambuliki. Jaribu tena."

Foleni nyuma yake ilianza kuguna.

"Mkasi, iache bwana! Hata mchumba akikukataa hivyo humng'ang'anii."

"Labda inataka aje na shavu moja, la pili aliache nyumbani."

Watu wakaangua kicheko. Mkasi naye akacheka, kicheko cha kuazima, maana asiyejicheka mwenyewe huchekwa mara mbili. Mlinzi wa lango, mtu wa makamo mwenye funguo kiunoni ambaye kiwanda kizima kilimwita Komeo, akamsogelea na kumnong'oneza.

"Vuta mashavu ndani, binti yangu. Kama unanyonya ndimu."

Akayavuta. Mashine ikamtazama, ikamkataa.

"Hii ina kiburi kuliko wakwe zangu wote," Komeo alisema, akamfungulia mlango mdogo wa pembeni, kama alivyomfungulia jana na juzi. Lakini leo mtu alikuwa amesimama upande wa pili wa mlango ule. Alikuwa msimamizi wa kiwanda, ambaye walimwita Rula kwa sababu mgongo wake haukupinda, wala neno lake.

"Mashine haikujui," Rula alisema.

"Wewe si unanijua, bosi?"

"Mimi nakujua. Ila makao makuu hawayajui macho yangu, wanaijua mashine." Akashusha sauti. "Umesahau yule wa sehemu ya kufulia? Alikuwa anamtuma binamu yake kazini, yeye yuko nyumbani anauza sabuni. Ndiyo maana tukaletewa kitu hiki. Sasa sikiliza. Ijumaa ya wiki ijayo wakaguzi wanakuja, wanakaa hapa langoni. Atakayekataliwa mbele yao anafutwa kazi. Mimi simtetei mtu."

"Basi nisajiliwe upya. Nipigwe picha nyingine."

"Nikiomba hivyo wataniuliza, mtu mzima gani anabadilika sura? Niwajibu nini?"

"Waambie naumwa."

Rula akamtazama kuanzia juu hadi chini, kisha akayatazama tena mashavu. "Ugonjwa gani huo unaomnawirisha mtu?"

Watu walikuwa wanapita, masikio yametegwa. Mkasi naye akapita, akaelekea chumba cha kukatia.

Ugonjwa haukuwa umemnawirisha. Ugonjwa ulikuwa umemla. Ulianza kama kipele kando ya pua, kipele kisichouma wala kuwasha, akakipuuza. Kikaita wenzake. Vikaja vivimbe vigumu, vya rangi ya zambarau iliyoiva, vikatambaa kwenye tundu za pua, vikapanda mashavuni, vikashuka hadi kwenye kovu la zamani la kiwiko. Alipakwa dawa za mba, dawa za fangasi, dawa za watu na dawa za miti. Kwenye foleni ya maji watu walianza kumwachia nafasi kubwa kuliko alivyohitaji. Mmoja alisema ni ukoma, mwingine akasema ni mkono wa mtu. Mdogo wake, ambaye waliishi naye vyumba viwili na aliyekuwa akisuka watu nywele barazani, alimaliza ubishi kwa kumburuta hadi hospitali.

Huko daktari wa ngozi, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyoshikwa na uzi, alimkata kipande kidogo cha ngozi na kukipeleka maabara, akampiga picha ya kifua, akampima macho. Majibu yalipotoka alimkalisha chini.

"Ugonjwa wako unaitwa sarkoidosisi. Askari wa mwili wako wamekusanyika mahali pasipo na vita, wakajenga vibanda. Vibanda vyenyewe ndivyo vivimbe hivi. Nani kawaita, hata sisi hatujui. Haumwambukizi mtu, na wala hujarogwa. Mapafu yako mpaka sasa ni salama, lakini pua tusipoiwahi, itabaki na kovu la maisha. Dawa za kupaka zimeshindwa, kwa hiyo tunaingia ndani. Utameza."

Ndipo zikaja prednisoloni, vidonge vidogo vyeupe, vya kumeza asubuhi baada ya kula. Vilifanya kazi. Vivimbe vilinywea kama puto lililotobolewa, pua ikarudi kuwa pua. Lakini vidonge navyo vilidai chao. Mkasi alikula sahani ya kwanza akaitamani ya pili, usingizi ukamkimbia, na uso ukaumuka kama unga uliotiwa hamira. Daktari alikuwa amemwambia mapema kwamba ingekuwa hivyo. Akamwambia na jambo jingine, kwa kidole kilichonyooshwa.

"Usije ukaviacha ghafla. Mwili una jiko lake, juu ya figo, linapika kitu kinachofanana na dawa hii. Sasa wewe unaletewa chakula kilichopikwa, jiko limezimwa. Siku ukiviacha kwa mkupuo, hakuna chakula wala jiko. Utaanguka. Tutavipunguza mimi na wewe, taratibu, mpaka jiko liwake."

Mkasi alisikia. Lakini kusikia ni jambo moja, na Ijumaa ya wiki ijayo ni jambo lingine. Mshahara wake ndio uliolipa kodi ya vyumba, ndio ulionunua vidonge vyenyewe. Siku ile alisimama mbele ya meza ndefu ya kukatia, mbele ya mrundo wa kitambaa cha mashati kilichotandazwa tabaka juu ya tabaka, akachomoa pini moja iliyokuwa imeshikilia ukingo. Kitambaa kilichokuwa kimevutwa na pini kikarudi chenyewe mahali pake, kikalala sawasawa, kana kwamba hakijawahi kuvutwa.

Mawazo yake yakashikwa pale pale. Kilichouvuta uso ni vidonge. Chomoa vidonge, uso utarudi. Ukisharudi, wakaguzi wakishapita, ataanza tena kumeza, na hakuna atakayejua. Mtu wa kazi nyingine asingelifikiri hivyo. Lakini yeye maisha yake yote alikuwa ameona kitambaa kikisamehe, akadhani na mwili husamehe.

Kesho yake asubuhi mdogo wake alimletea chai, mkate na vidonge, kama kawaida yake, akasimama na mikono kiunoni.

"Meza nione."

"Wewe mtoto, umekuwa polisi?"

"Polisi wanalala. Mimi silali. Meza."

Mkasi akavitia mdomoni, akagida chai, akaonyesha ulimi. Chini ya ulimi vidonge vilikuwa vinayeyuka, vichungu kama nyongo. Alipofika njiani akavitemea kiganjani, akavitia kwenye mfuko wa aproni. Kuvitupa aliona dhambi. Atavirudia baadaye.

Hivyo ndivyo alivyofanya asubuhi hiyo na asubuhi zilizofuata.

Mwanzo hakuona kitu. Tena akajisifu kimoyomoyo, daktari katia chumvi. Kisha miguu ikaanza kuwa mizito, mifupa ikamuuma kana kwamba amebebeshwa magunia usiku kucha. Chakula, alichokuwa akikikimbilia, kikawa kinamkimbiza yeye. Akiinuka kitini, dunia iliinuka naye lakini haikusimama. Akasema ni joto. Akasema ni mafua yanakuja. Kila asubuhi alisimama mbele ya mashine, na kila asubuhi mwanamke mpole alimwambia hatambuliki, na Komeo akamfungulia mlango mdogo huku akitikisa kichwa.

"Umepauka, binti yangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini? Majivu?"

Mashavu hayakushuka. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko kizunguzungu. Jumatano, akijinawa uso, kidole chake kiligusa kando ya tundu la pua na kukuta kitu kigumu, kidogo kama chembe ya mchele. Vibanda vilikuwa vinajengwa upya, na mashavu bado yako pale pale. Alikuwa amekosa huku na huku.

Angeweza kusema siku ile. Mdogo wake alikuwa barazani, anamsuka mteja na kuimba kwa pua. Mkasi alisimama mlangoni, neno liko kooni.

"Dada, una nini? Umesimama kama mdaiwa."

"Hamna kitu. Nifulie aproni yangu kesho, imechafuka. Nitavaa ile ya zamani."

"Ndiyo, bosi. Na viatu nikulambie?"

Mteja akacheka. Mkasi akameza neno lake, bora angemeza na vidonge. Kwa uchovu aliokuwa nao, hakukumbuka kilichokuwa kwenye mfuko wa aproni ile.

Alhamisi alifika kazini akiwa amejikaza kisabuni. Njiani alitapika ile chai kidogo aliyokunywa, akajifuta, akaendelea. Kazi ya siku ilikuwa mrundo mrefu kuliko wote wa mwezi, mashati ya oda kubwa, kitambaa chepesi chenye mistari. Kitambaa cha mistari hakina msamaha. Ukiteleza unywele mmoja, mistari ya kulia haikutani na ya kushoto, na shati zima linakuwa limekufa. Ndiyo maana kilikatwa na yeye tu. Jina la Mkasi hakulipata kwa umbea.

Alivaa glavu ya chuma mkono wa kushoto, akawasha kisu cha umeme. Kisu kile husimama wima kama mtu, urefu wa mkono hadi kiwiko, ubapa wake ukipanda na kushuka upesi kuliko jicho linavyoweza kufuata. Ukikisikiliza unasikia nyuki. Mama mtandazaji, aliyekuwa akinyoosha tabaka upande wa pili wa meza, alimtupia jicho.

"Mkasi, unatetemeka."

"Ni kisu kinachotetemeka."

"Kisu nakijua, mama. Nakuuliza wewe."

Mkasi alikuwa ameukazia macho mstari wa chaki. Alikata upande wa kwanza, salama. Akaingia kwenye mzunguko wa kwapa, mahali pagumu, panapotaka mkono mwepesi na pumzi iliyozuiwa. Tumbo likamkata kwa maumivu kana kwamba kisu kimepita huko. Jasho la baridi likamtiririka mgongoni. Mstari wa chaki ukawa miwili, kisha mitatu, akachagua mmoja, akaufuata.

"Mkasi! Umetoka nje! Umetoka nje ya mstari!"

Akatazama. Ubapa ulikuwa umekwisha kula kiganja kizima cha kitambaa mahali pasipostahili, tabaka zote, juu hadi chini. Na mbele ya ubapa, mahali ambapo sasa ungepita, palikuwa na mkono wake wa kushoto, umelegea, haujui mwenyewe umefikaje pale. Glavu ya chuma ilikuwa imemchomoka nusu.

Kitu kimoja tu kilibaki hai ndani yake, nacho ni mazoea. Kidole gumba kikatafuta swichi, kikaizima. Nyuki wakanyamaza. Hapo ndipo magoti yalipoachia, akateleza kando ya meza hadi sakafuni, kati ya vipande vya kitambaa.

Alimsikia Rula kabla ya kumwona.

"Nani kaharibu hiki? Nani? Mrundo mzima!" Viatu vikasogea. "Amelewa?"

"Halewi huyu."

"Ana mimba?"

"Bosi, hebu muulize yeye!"

Mkasi alitaka kusema lakini ulimi ulikuwa mzito kama soli. Kutoka pale sakafuni, kupitia mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya joto, aliweza kuona ua wote hadi langoni. Na langoni, kama ndoto ya homa, alijiona mwenyewe anakuja mbio.

Alikuwa yeye wa zamani. Uso mwembamba, kidevu kilichochongoka. Mikono ilikuwa na povu la sabuni hadi viwikoni, na mmoja umeshika aproni iliyolowa. Komeo alimzuia, wakabishana, yule wa langoni akawa anapunga aproni kama bendera. Kisha, katika kuinama aone ndani kati ya nondo za lango, akaweka uso wake mbele ya mashine.

"Umetambuliwa," sauti ya mwanamke mpole ikasikika ua mzima. "Karibu kazini."

Lango kubwa likafunguka lenyewe.

Mdogo wake hakungoja kukaribishwa mara ya pili. Alivuka ua akikimbia, Komeo nyuma yake na funguo zake zinalia, akaingia chumba cha kukatia, akapiga magoti.

"Dada! Dada, nitazame. Hivi ni nini?" Alikuwa amepindua mfuko wa aproni. Ndani palikuwa na uji mweupe ulioganda kwenye mshono, na katikati yake vipande vya vidonge ambavyo maji yalikuwa hayajavimaliza. "Nimeonja. Vichungu. Hukuvimeza. Umeacha tangu lini?"

Mkasi akasogeza midomo. "Tangu... mashine..."

"Kumbe ni kweli!" Rula alikuwa amesimama juu yao, macho yanatoka kwa huyu yanaenda kwa yule. "Kumbe mpo wawili! Huyu ndiye unayemtuma! Wewe, umeingiaje humu?"

"Mashine yako imenifungulia."

"Haiwezi kukufungulia. Wewe si mfanyakazi."

"Kaiulize yenyewe! Mimi ni msusi, sijawahi kushika hata kitufe cha kiwanda hiki. Dada yangu anakufa, nipe gari."

"Kwanza nieleweshwe hapa, nani ni nani..."

"Bosi!" Alikuwa Komeo. Katika miaka yake yote pale langoni hakuna aliyewahi kumsikia akimpandishia Rula sauti. "Mtu yuko chini anakufa, wewe unauliza habari za mlango! Mwenye chaki kwenye vidole ndiye Mkasi. Mwenye povu ni mdogo wake. Hata mtoto angeona. Ni mashine yako tu haioni. Toa gari!"

Rula akavitazama vidole vya Mkasi, vyeupe kwa chaki hadi kwenye kucha, na sugu iliyotunga kwenye kidole gumba kwa sababu ya swichi ile ile aliyokuwa ameizima. Akavua ufunguo wa gari la kupelekea mizigo, akamtupia Komeo.

"Endesha wewe. Mimi nitakaa langoni."

Safari ile Mkasi aliikumbuka kwa vipande. Paja la mdogo wake lenye harufu ya sabuni. Vishimo vya barabara. Sauti ikirudia karibu na sikio lake, mara kwa matusi, mara kwa dua: "Mpumbavu wewe. Mjinga wangu wewe. Usilale. Ukilala nakunyoa kipara." Mlangoni mwa hospitali mdogo wake hakusema dada anaumwa. Alisema kwa sauti ya kusikika koridoni, kama alivyowahi kufundishwa na daktari: "Alikuwa anameza prednisoloni miezi mingi, ameacha ghafla, anatapika na anazimia." Maneno hayo yalifungua milango upesi kuliko machozi. Mkanda wa kupimia presha ukafungwa, muuguzi akakunja uso, sindano ikaingia mshipani, maji ya dripu yakaanza kushuka.

Mkasi alipofumbua macho vizuri, daktari mfupi alikuwa ameketi kando ya kitanda, miwani mkononi.

"Jiko halikuwa limewaka," daktari alisema.

"Nilitaka sura irudi."

"Ipi? Ile ya vivimbe?" Akamgusa kando ya pua kwa ncha ya kidole. "Hii hapa, inarudi. Hiyo ya picha ya zamani haimo kwenye kuacha. Imo kwenye kupunguza. Sikukwambia nitakuongezea dawa ya pili? Nilikuwa nangoja macho yapimwe tena. Sasa nakuanzishia. Hiyo itawashika askari polepole, na kadiri inavyowashika, tunapunguza hii nyingine. Mashavu yatashuka. Lakini si wiki hii, wala mwezi huu. Unanisikia? Wewe ni fundi. Kitambaa kilichoshonwa hukivuti kwa nguvu, unafumua."

"Unafumua uzi kwa uzi," Mkasi alisema.

"Basi wewe mwenyewe umesema."

Mdogo wake alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo. Daktari alipoondoka hakugeuka.

"Ungeniambia," alisema kwa dirisha.

"Ungenilazimisha."

"Ndiyo! Ningekulazimisha! Ningekukalia kifuani!" Akageuka, macho mekundu. "Kazi itapatikana nyingine. Dada nimpate wapi mwingine? Kwenye mashine?"

Mkasi alinyoosha mkono usio na dripu, na mdogo wake, baada ya kununa kwa muda wa kutosha heshima yake, akaushika.

Wakaguzi walikuja Ijumaa, wakamkuta Mkasi hayupo. Habari aliletewa na Rula mwenyewe, aliyeingia wodini siku ya pili yake na mfuko wa machungwa, akasimama wima miguuni pa kitanda kama mtu aliyekuja kupima dari.

"Wameniuliza, huyu mkata vitambaa wenu, daftari la mlango mdogo linasema Alhamisi aliingia asubuhi, na mashine inasema aliingia tena baadaye. Mtu mmoja anaingiaje mara mbili? Nikataka kusema hitilafu ya umeme." Akayapanga machungwa upya kwenye mfuko, bila sababu. "Nikashindwa. Nikawaambia, mashine yenu imemkataa fundi wangu na kumkaribisha msusi mwenye povu. Wakasema haiwezekani. Nikamwita Komeo, akawaeleza. Anaeleza vizuri kupita kiasi yule."

"Sasa je?"

"Wamefungua usajili. Kwako tu." Akakohoa. "Lakini nimewaza. Ngoja kwanza. Pumzika, hata miezi, mpaka uso utulie, ndipo upigwe picha moja nzuri ya kudumu. Tusije tukafanya kazi mara mbili."

Lilikuwa pendekezo la upole, na ndani yake mlikuwa na mtego ule ule. Miezi bila mshahara. Miezi ya kukaa mbele ya kioo, kuyachunga mashavu, kuvitazama vidonge kama maadui. Mkasi aliliona hilo waziwazi, kama mtu anavyoona mshono uliopinda.

"Nani anakata mistari?" aliuliza.

Rula akaitazama dari. "Imekaa. Hakuna anayethubutu kuigusa."

"Basi nitakuja mara daktari akiniruhusu. Na uso huu huu."

Siku hiyo ilipofika, mdogo wake aliweka mezani chai, mkate, na vidonge vya aina mbili, vya zamani na vya pili.

"Leo niende mimi?" alisema. "Mashine si inanipenda. Naingia, nakata shati moja, linatoka na mikono mitatu."

"Kaa na misuko yako."

"Meza kwanza. Inua ulimi. Kulia. Kushoto. Sema aaa."

"Aaa."

"Mdomo mkubwa kama jengo la serikali, unashindwaje kuficha vitu?"

Safari hii vilikuwa vimeshuka kweli. Mkasi alivisikia vikipita kooni, akavisindikiza na chai hadi mwisho wa kikombe.

Langoni foleni ilikuwa ile ile, ila hakuna aliyetania. Mkasi alisogea mbele ya kioo. Zikajitokeza picha mbili, nyembamba na ya mviringo.

"Hutambuliki," sauti ikasema. "Jaribu tena."

Hakujaribu tena. Hakuvuta mashavu wala kunyonya ndimu ya mawazo. Alisimama tu pale, mpaka Rula alipokuja na karani wa ofisi aliyebeba kamera ndogo.

"Simama ukutani," karani alisema. "Unajua, dada, ukipungua tena hii haitakufaa. Tusingesubiri kidogo?"

"Piga."

"Ukibadilika je?"

"Nitabadilika. Vidonge vikipungua nitapungua, vikiongezwa nitaongezeka, na nitakuja hapa kila mara mnipige upya." Mkasi aliinua uso, mashavu yake yote mawili yakaingia kwenye kioo cha kamera bila kuomba radhi. "Kumeza ni kazi yangu. Kunijua ni kazi yenu."

Karani akamtazama Rula. Rula akatikisa kichwa kukubali, na kwa mara ya kwanza mgongo wake ukapinda kidogo, akiinama kumwondolea Mkasi uzi uliokuwa umenasa begani.

"Usitabasamu," karani alisema.

Mkasi akatabasamu.